Kaptula za Mwaisha

Hamza Stambuli alimwona Mwaisha kwa mara ya kwanza Soko Kuu la Morogoro, saa nne asubuhi, watu wanasukumana utadhani nyanya zinagawiwa bure. Alivaa kitenge cha bluu kilichomkaa vizuri mno, na mkononi alishika kitambaa cha jinzi. Akasimama mbele ya cherehani ya Hamza.

"Fundi, nishonee kaptula sita za watoto wachanga. Ziwe na mikanda mirefu juu."

"Watoto gani hao wa kuvaa mikanda kama wanajeshi?"

"Za kupimia uzito, wewe! Zinaning'inizwa kwenye mizani."

Siku ya kuzichukua aliinua moja, akakunja uso. "Hii imekaa upande, fundi. Mtoto ataangukia Dodoma."

"Basi nitairudia, na wewe uje kila siku kuikagua."

Akaja kila siku, mpaka akaolewa. Alimzalia Hamza binti, Raya, na nyumba ile haikujua chai ya baridi. Ila kila mwezi alipanda wiki nzima kwao Kinole, milimani, kupima watoto wa watu bila malipo. Mbele za watu Hamza alijisifia mke. Chumbani alinuna. Masika yaliyopita wivu ukamzidi, tena wivu wa kijinga, tuseme ukweli. Akazitoa kaptula kwenye mkoba wa mkewe kimyakimya na kuzificha chini ya mabaki ya vitambaa, ili mkewe akose kazi arudi mapema.

Mwaisha akapiga simu akiwa Kinole. "Fundi wangu, kaptula zangu hujaziona?"

"Sijaziona, mpenzi."

"Basi mwezi uliopita niliziacha kwa mama mdogo Yuliana, ng'ambo ya mto. Nazifuata. Nakupenda hata ukinuna."

Mvua ilikuwa imelainisha njia ya mtoni. Walimkuta bondeni, kiatu kimoja mguuni. Cha pili hakikuonekana. Msibani akina mama walikuja na watoto aliowapima, wakalia mpaka sauti zikakauka. Hamza hakumwambia mtu habari ya kaptula. Ile "sijaziona" ilimrudia usiku na mchana.

Miezi saba baadaye, msichana mwenye mtoto mgongoni alisimama mbele ya cherehani. Aliitwa Pendo, mgeni Kinole, ndio kwanza ameolewa huko.

"Shikamoo. Wewe ndiye fundi Hamza, mume wa Mama Raya?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Amenituma. Ijumaa alinipimia mtoto, lakini anakadiria kwa mikono tu. Anasema kaptula ziko kwako, chini ya vitambaa."

Mkasi ukamponyoka. "Amevaa nini?"

"Kitenge cha bluu. Na kiatu kimoja, masikini. Nilipomuuliza alicheka tu."

Hamza alipekua mabaki, akazitoa kaptula, na kabla ya adhuhuri alikuwa juu ya bodaboda kuelekea Kinole. Yuliana alimpokea nyumbani kwao Mwaisha bila kumtazama usoni. Mizani ilining'inia palepale kwenye mfenesi wa uani, Mwaisha alipokuwa akipimia watoto.

"Sijaigusa tangu tumzike," alisema. "Lakini kila Ijumaa inalia, baba, na upepo hakuna."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Ukungu ukashuka mchana kweupe, umebeba harufu ya karafuu zilizoanikwa, mpaka Hamza hakuona tena hata paa la nyumba. Akatundika kaptula moja kwenye ndoana.

"Mwaisha, nilizificha mimi. Nilikudanganya kwenye simu. Nilitaka urudi nyumbani, basi. Nisamehe, mke wangu."

Kisha kaptula ikalemewa, ikashuka, na mshale ukapanda polepole kama kuna mtoto ndani. Sauti ikasema nyuma ya sikio lake, karibu kabisa, yenye kicheko:

"Imekaa upande, fundi."

Hakuthubutu kugeuka. Alicheka huku machozi yanamtiririka. Ukungu ulipoinuka, kaptula ilikuwa tupu.

Sasa kila mwezi Hamza anapanda Kinole na Raya, anapima watoto chini ya mfenesi na kuandika kilo kwenye kadi. Pendo anasema Mama Raya hajaonekana tena, na mizani imenyamaza. Watu wanamshukuru Mungu kwamba amepumzika. Hamza naye huitikia, amina. Lakini kabla ya kila safari hushona kaptula moja mpya, na hiyo huikalisha upande kwa makusudi.