Sauti Iliyomkata Orwa Mkono

"Rudia ulichosema! Rudia hapa mbele ya mama yangu!"

Waitara alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa nyumba yao, kijijini Nyanungu, panga mkono mmoja, simu mkono wa pili. Ilikuwa saa sita mchana. Orwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki na mjomba wake, Omolo, wote wamevaa mashati yaliyonyooshwa vizuri. Walikuja kupanga tarehe ya harusi.

"Sikamoo, mama," Orwa alimwamkia mama mwenye nyumba, kisha akamgeukia Waitara. "Semeji, kuna nini?"

"Usiniite shemeji! Nimesema rudia!"

Robi alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. Yeye ndiye aliyekuwa anaolewa. Alikuwa fundi cherehani pale Turwa, mjini Tarime, na Orwa alikuwa mshereheshaji wa harusi. Walijuana kwenye sherehe moja ambayo Robi aliishonea sare, na mapenzi yao yalikuwa na mwaka wa tatu.

"Kaka, weka panga chini! Wageni hao!"

"Wageni? Sikiliza mgeni wako."

Waitara akabonyeza simu na kuiinua juu. Sauti ya Orwa ikajaa uwanja mzima, ile ile nzito, yenye kicheko kwa mbali, ambayo Tarime nzima iliijua:

"Kesho naenda shambani kwa wale washamba wa Nyanungu. Watanichinjia yule ng'ombe wa pembe moja, nile nishibe. Robi mwenyewe nishamchoka, mke wangu yuko Migori. Na yule mama yao, shikamoo nampa ya mdomoni tu, mchawi yule, ndiye aliyemla mumewe. Kaka mtu anajifanya shujaa, hana lolote."

Mama alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mumewe alikuwa hajamaliza mwaka kaburini.

"Hiyo siyo sauti yangu," Orwa alisema.

"Siyo yako? Sauti hii imetuchezesha harusi ngapi kijiji hiki?"

"Naapa sijasema hayo. Robi, niangalie. Unanijua mimi."

Robi akamwangalia. Neno moja tu lilikuwa limemchoma: Migori. Kila mwezi Orwa alivuka mpaka wa Sirari kwenda huko Kenya, na Robi hakuwahi kuuliza vizuri anafuata nini. Akarudi nyuma hatua moja.

"Migori kuna nani, Orwa?"

Waitara hakungoja jibu. Panga lilishuka. Orwa aliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa, na pigo likatua juu kidogo ya kifundo, kwa mlio kama wa kuni inayopasuliwa. Damu iliruka mpaka kwenye gauni la mama. La pili lilimpata begani. Omolo alijitupa mbele kumzuia, vijana wa jirani wakamvamia kwa fimbo, mpaka mzee wa watu akatema meno mawili.

"Mmeua mtu!" Omolo alipiga kelele, huku akichana shati lake kufunga ule mkono uliobaki unaning'inia kwa ngozi. "Mmeua mtu kwa ajili ya simu!"

Wakampakia Orwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mjomba. Alikuwa hajazimia. Alimtazama Robi mpaka pikipiki ikapotea kwenye kona ya migomba. Robi alibaki amesimama, unga mikononi, hakwenda naye.

Saa kumi jioni ujumbe uliingia kwenye simu yake, kutoka kwa Omolo: "Mkono umekatwa. Madaktari wameshindwa kuuokoa. Hajauliza kuhusu mkono. Anauliza kama wewe uliamini."

Robi alijifungia chumbani. Waitara alikuwa amemrushia ile sauti, naye akaifungua tena. Alitaka imuumize. Alitaka amchukie Orwa vizuri ili apumzike. Akasikiliza mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne akaketi wima kitandani.

Shambani. Washamba. Shikamoo. Shujaa.

Orwa hajawahi kutamka hivyo. Ulimi wake wa Kijaluo hufanya kila sha kuwa sa. Harusini watu humcheka anapowaambia akina mama "sangwe, sangwe", naye hucheka pamoja nao. Hata leo, panga likiwa mbele yake, alisema sikamoo, alisema semeji. Na huyu ndani ya simu anatamka kama mtangazaji wa Dar es Salaam!

Kisha akamkumbuka yule ng'ombe wa pembe moja. Kumchinja kuliamuliwa jana jioni, kando ya moto, na watu wanne: mama, Waitara, yeye Robi, na Gati, mdogo wao wa mwisho, aliyerudi likizo kutoka chuoni Mwanza.

Alimkuta Gati zizini, amejikunja nyuma ya ndama kama mtu anayesikia baridi.

"Gati, nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Habari ya ng'ombe Orwa aliipata wapi? Mimi sikumwambia. Mama hana simu. Ulimwambia wewe?"

Gati akaificha simu nyuma ya mgongo.

"Mdogo wangu, nakuuliza mara ya mwisho."

"Nilidhani Waitara atamfukuza tu, dada! Nilidhani mtatukanana, yaishe."

"Ulifanyaje?"

"Kuna programu ya akili mnemba. Unaiwekea video zake za harusi, inashika sauti. Ukiandika maneno, inayasema. Nikamtumia Waitara kwa laini mpya."

"Ilichukua muda gani?"

"Dakika mbili."

"Na Migori?"

"Nilibuni. Nilijua anakwenda huko. Sikutaka uolewe na Mjaluo, dada. Wenzangu wa rika wangenicheka. Ningewaambia nini?"

Robi hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu mlango wa zizi ulipigwa teke. Waitara alikuwa amesimama hapo, bado ana shati lile lile lenye damu. Alikuwa amesikia yote.

"Mura, mdogo wangu, wewe ndiye?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Umenikatisha mtu mkono?"

"Kaka, nisamehe!"

Rungu la kwanza lilivunja goti. La pili lilipasua taya. Ng'ombe walianza kukanyagana, Gati akigaragara kwenye samadi, akilia bila maneno kwa sababu mdomo haufungi. Waitara alikuwa analia pia, na kila akilia anapiga. Robi alijilaza juu ya mdogo wake, na rungu lililofuata likamvunja yeye ubavu.

"Niue na mimi!" alipiga kelele. "Umalize nyumba yote kwa siku moja!"

Rungu likaanguka. Waitara alishika ukuta wa zizi, akatapika.

Mama alifika amejishika kichwa. Alipoambiwa, hakulia. Alimvuta Robi pembeni.

"Hili litaishia hapa nyumbani. Tutaita wazee, tutapeleka ng'ombe kwa hao Wajaluo."

"Mama, mtu amekatwa mkono."

"Na hawa ni wanangu! Baba yenu amekufa, huyu akifungwa na huyu akifungwa, nibaki na nani?"

Robi alikuwa amekwisha kutoa simu, mkono mmoja ameubana ubavuni.

"Ukipiga polisi, Robi, wewe siyo mwanangu."

Robi akapiga, akataja jina lake, jina la kijiji, na majina ya ndugu zake wawili. Waitara hakukimbia. Alikaa kwenye jiwe la kunolea mpaka gari la polisi lilipokuja kumchukua, na Gati akapelekwa hospitali nyuma ya gari hilo hilo.

Siku ya pili Robi aliingia wodini, kifua kimefungwa bendeji. Orwa alikuwa amelala anatazama dari. Pale penye mkono wa kushoto palikuwa na fundo jeupe.

"Ilikuwa sauti ya kutengenezwa," Robi alisema. "Gati ndiye. Nimewataja wote wawili polisi."

"Mjomba ameniambia."

"Orwa, nisamehe."

"Uliniuliza Migori kuna nani." Hakugeuza kichwa. "Kuna mama yangu mdogo. Sukari imemla miguu yote, mimi ndiye namnunulia dawa. Alikataa watu wajue. Lakini ungeniuliza siku yoyote, ningekupandisa gari ukamwone."

"Najua."

"Panga la kaka yako ninalielewa. Alikuwa na hasira, tena hanijui. Wewe unanijua, Robi. Na ulirudi nyuma."

"Nilirudi nyuma," Robi alisema. Hakutafuta la kujitetea.

"Basi nenda."

Alikwenda. Kesho yake akarudi na uji. Orwa hakunywa. Kesho kutwa akarudi tena. Juma la pili ulimfikia ujumbe kutoka kwa Orwa, wa maneno matatu: "Uji uwe mzito." Robi alisoma akiwa kwenye cherehani, akaweka kichwa juu ya kitambaa cha mteja na kulia.

Lakini kupona kwa Orwa hakukuwa kwepesi. Alipotoka hospitali alikataa kushika kipaza sauti. Kila alipofungua mdomo sokoni watu walinong'ona, "Ndiye yule wa ile sauti", maana ilikwisha kusambaa, na wengi waliipata ile ya uongo bila kupata habari ya kukanushwa kwake. Siku moja kijana mlevi alimwita mtukana wazazi wa watu, Orwa akampiga kichwa mpaka pua ikavunjika. Robi ndiye aliyemwondoa pale.

Siku ya kesi, Robi alisimama kwenye kizimba cha mashahidi akaeleza alichokiona: panga, mkono, damu kwenye gauni la mama. Waitara aliinamisha kichwa muda wote. Mama alikuwa benchi la nyuma, akajifunika kanga usoni Robi alipopita. Waitara alifungwa. Gati, anayetembea kwa magongo, alibaki akingoja kesi yake.

Nje ya mahakama Orwa alimngoja chini ya ukuta.

"Umemfunga kaka yako."

"Nimesema nilichokiona."

Orwa akampokea mkoba wake.

"Umekula?"

"Tangu jana sijala."

"Twende tule."

Wakahamia Mugumu, wilaya ya Serengeti, ambako hawajulikani sana. Robi akafungua kibanda cha cherehani, Orwa akaanza kuuza mbao. Wakapatana kwamba jambo zito halizungumzwi kwa simu. Aliye mbali arudi nyumbani kwanza.

Asubuhi ya harusi yao, Robi akiwa anasukwa nywele, simu iliita kwa namba asiyoijua.

"Robi, mwanangu." Ilikuwa sauti ya mama yake, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya neno. Miezi tisa hajaisikia. "Nimesikia ni leo. Nakubariki."

Robi alimwashiria msusi angoje. Alitamani kuamini.

"Nani anaongea?"

"Ni mimi, mama yako."

"Sauti siiamini tena," Robi alisema, machozi yakimwagika kwenye kanga aliyojifunga. "Kama ni wewe kweli, njoo nikuone."

Simu ikakatika. Hakumwambia mtu.

Kanisani walikuwa watu wachache, karibu wote wa upande wa Orwa. Omolo alikaa mbele, anatabasamu kwa mdomo wenye pengo. Padri alikuwa ameshasoma na kuhubiri, na sasa anawaita wasogee mbele kula kiapo, mlango wa nyuma uliposukumwa.

Alikuwa mama. Vumbi la njia ya Nyamongo limempaka mpaka kope, ameshika viatu mkononi, anahema.

"Pikipiki imetuharibikia, nimetembea," alisema, kanisa zima likimsikia. Akamfikia Robi, akanyoosha mikono miwili. "Nishike. Nishike uhakikishe."

Robi alimshika mikono, akamshika mashavu, akaingiza uso shingoni mwake. Alikuwa ananuka moshi wa jikoni kwao. Mama akajitoa taratibu, akamwendea Orwa. Alitazama shati lile lililokunjwa na kubanwa kwa pini pale mkono ulipoishia. Akaanza kupiga magoti.

Orwa alimwinua kwa mkono wake mmoja kabla goti la pili halijagusa sakafu. Akamvutia kiti cha mbele kabisa, kile kilichokuwa kitupu upande wa bibi harusi, akakipangusa vumbi.

"Kaa hapa, mama."

Kisha akamgeukia padri.

"Baba, tuanze tena mwanzo. Mama alikuwa hajafika."