Siku Aliyozaliwa Masele

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Scola aliteka maji kisimani, akafagia uwanja, kisha akambeba mgongoni mdogo wake Masele wakati mama yao, Felisita, akikoroga uji. Hiyo ya mwisho hakuihesabu kuwa kazi. Masele alikuwa na mashavu manene na kicheko cha bure. Hata kuku akipita, alicheka.

Mwaka huo wa 1995 kijiji chao, wilayani Bariadi, kilichangamka. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao, na baba yake Scola, Bujiku, akapata baiskeli na redio. Scola naye alikuwa na lake la kumchangamsha. Mwezi wa Septemba, Mwalimu Thomasi wa darasa la sita aliandika tarehe kwenye vikaratasi, akavikunja, akawaambia wanafunzi waokote kimoja kimoja.

"Tarehe uliyookota ni yako," alisema. "Tafuta matukio mawili makubwa yaliyotokea siku hiyo, na mtu mmoja wa kwenu aliyezaliwa siku hiyo. Ulete na ushahidi, sitaki hadithi za kubuni. Kazi zilizokamilika zitabandikwa ukutani, wazazi waje wazione."

Scola aliokota tarehe 12 Aprili. Matukio hayakumsumbua. Siku hiyo mwaka 1961, Yuri Gagarin alikuwa binadamu wa kwanza kwenda anga za juu na kuizunguka dunia. Siku hiyo mwaka 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki katika ajali ya gari. Kilichomsumbua ni mtu wa kuzaliwa. Aliuliza kwa shangazi, kwa majirani, hata kwa katekista. Wengi hawakujua tarehe zao, na waliozijua hawakuzaliwa Aprili.

Alipofika nyumbani alifungua kopo la chai ambamo mama aliweka karatasi muhimu, akatoa kadi ya kliniki ya Masele. Juu iliandikwa: 12/1/95. Tarehe kumi na mbili ileile, ila mwezi ndio mbaya! Scola aliikodolea macho ile moja ya mwezi. Yakobo, mwenzake wa dawati, alikuwa amekwisha kukamilisha kazi yake na alikuwa akitamba mbele ya darasa zima. Scola akachukua kalamu, akaongeza kijistari kilichopinda, na ile moja ikawa nne.

"Sijamwumiza mtu," alijiambia.

Mwalimu alitazama kadi, akatikisa kichwa kukubali, akamrudishia, na kazi ikabandikwa. Jina la Masele lilikaa chini ya jina la Gagarin, kwa wino wa bluu, na Scola akavimba kichwa wiki nzima.

Katikati ya Oktoba, mama alimpeleka Masele zahanati akachanjwe surua. Scola alipotoka shule alimkuta ameketi, anabembeleza mtoto.

"Nimeambiwa nirudi Januari," mama alisema. "Chanjo ya surua ni miezi tisa, na kadi inasema mtoto ana miezi sita. Nikamwambia muuguzi, huyu nilimzaa sikukuu ya Mapinduzi, redio ya jirani ilikuwa inatangaza gwaride. Akaniambia, mayu, mama yangu, kadi haisahau. Ati nisihofu, mtoto mdogo hivyo bado ana kinga ya mama yake, surua humpata kwa nadra." Mama akacheka kidogo, kwa aibu. "Labda nimechanganya. Mimi sikusoma."

Scola alijua ni ile nne yake. Akisema, karatasi yake itabanduliwa ukutani na Yakobo atamcheka. Januari si mbali, alijituliza. Akaenda kuchanja kuni.

Surua haikungoja Januari. Mwezi wa Novemba iliingia kijijini, ikapita nyumba hadi nyumba. Masele alianza na mafua na macho mekundu, kisha homa kali, kisha vipele vilivyotoka nyuma ya masikio vikashuka mwili mzima. Siku ya tano aliacha kunyonya. Alipumua harakaharaka, mbavu zikizama ndani, na kilio chake kilikuwa kimekauka. Mama alimkamulia maziwa mdomoni, yakatiririka shavuni. Yale mashavu hayakuwapo tena.

Baba alikuwa uwanjani anajaza upepo kwenye baiskeli.

"Twende zahanati," mama alilia.

"Zahanati kufanya nini? Si walikwambia wenyewe kwamba surua haiwapati watoto wa umri huu? Huyu ana miezi saba, kadi hii hapa! Hii si surua, mama Scola. Hapa pana mkono wa mtu. Nampeleka kwa mganga, Mwamapalala."

Scola alijua ilivyo mbali Mwamapalala. Ni nusu siku ya jua kali, kuelekea mahali pasipo na sindano wala dawa ya kifua. Mama hakubisha. Kadi ilikuwa imekwisha kumshinda mara moja. Alimfunga mtoto kitenge, akapanda nyuma ya baiskeli.

Scola alikimbia akashika usukani.

"Baba, usiende huko! Ni surua! Masele ana miezi kumi!"

"Ondoka njiani, Scola."

"Mama hakuchanganya! Masele alizaliwa Januari. Ile nne niliiandika mimi. Nilitaka mtu wa Aprili kwa kazi ya shule." Machozi yalimbubujika, lakini usukani hakuuachia. "Ni mimi, baba. Nipige ukitaka, lakini mpeleke zahanati. Atakufa!"

Baba aliinua mkono, ukabaki hewani. Mama alimtazama binti yake kama mtu anayemwona mgeni.

"Kumbe nilikuwa sawa," alisema polepole.

Baba akageuza baiskeli.

Scola aliwafuata kwa miguu, akikimbia, akitembea, akikimbia tena. Alipofika zahanati, muuguzi Veronica alikuwa amekwisha kumdunga Masele sindano ya nimonia na kumpa matone ya vitamini A. Alishika kadi mkononi, kidole kwenye mistari ya chini.

"Chanjo ya kwanza, tarehe 13 Januari," alisema kwa uchungu. "Mtoto wa Aprili alichanjwaje Januari? Siku ile foleni ilikuwa ndefu, nikasoma mstari wa juu tu. Mama alinieleza ukweli, sikumsikiliza. Nisamehe, mayu."

"Atapona?" Scola aliuliza.

Veronica hakutaka kumdanganya. "Sijui, mwanangu. Mngekwenda Mwamapalala, ningejua."

Siku tatu Scola alikaa mlangoni pa wodi, hali chakula, akihesabu pumzi za mdogo wake na kuogopa kila zilipochelewa. Siku ya nne asubuhi Masele alilishika ziwa. Siku ya sita kuku aliingia wodini. Masele hakucheka, lakini alimfuata kwa macho mpaka akatoka, na mama akajifunika uso kwa kitenge akalia.

Scola aliporudi shule, alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Thomasi, akaeleza yote, akabandua karatasi yake mbele ya darasa. Yakobo hakucheka. Hakuna aliyecheka.

Tarehe 12 Januari shule ilifungwa kwa sikukuu ya Mapinduzi. Redio ya baba ilitangaza gwaride, na Masele, mwenye umri wa mwaka mmoja, alikuwa akitambaa kumfukuza jogoo huku akichekelea. Mama alitoa kadi kwenye kopo. Veronica alikuwa ameifuta ile nne, akaandika upya na kutia sahihi.

"Nisomee," mama alisema.

"Tarehe kumi na mbili, mwezi wa kwanza, mwaka tisini na tano."

"Tena."

Scola akasoma tena.

"Sikia, mwanangu," mama alisema. "Sisi tusiosoma huamini kila mnachoandika, kuliko hata tunavyojiamini wenyewe. Mimi nilimzaa mtoto huyu kwa uchungu wangu, lakini kalamu yako ilinifanya niitilie shaka siku yenyewe. Ukiandika, andika kweli, maana kuna mtu ataitegemea." Akamsogezea kadi. "Sasa nionyeshe. Moja ni ipi?"

Scola akaushika mkono wa mama yake, akamwekea kidole juu ya ile moja.