Sembe Juu ya Tanuri

Futi ya kupimia ya mita hamsini ilibaki moja tu katika duka la vifaa vya ujenzi pale stendi ya Nachingwea, na mikono miwili ikaidaka kwa pamoja. Nje, wanunuzi wa ufuta walikuwa wanabishana, bodaboda zinanguruma, lakini Munira alimsikia vizuri kabisa yule kijana.

"Dada, mimi nimeigusa kwanza."

"Umegusa boksi. Mimi nimeshika futi yenyewe."

Kijana akamtazama kuanzia juu hadi chini: dera la zambarau, mtandio mweupe, na chini kabisa, mabuti ya kazi yenye tope. Akacheka. Alikuwa mrefu, shati limekunjwa mikono, ananukia sabuni. Munira akajikuta anaivuta harufu ile, akajikasirikia.

"Unaenda kupima nini, mrembo?"

"Makaburi ya wanaume wasumbufu."

"Basi anza na la kwangu. Naitwa Harithi."

Jamani, dunia ndogo! Kumbe wote wawili walikuwa wanaelekea Nambambo, kwenye ardhi ya serikali ambako kingejengwa chuo cha ufundi. Harithi ndiye mpima wa mradi. Munira, mtoto wa Nkowe kule Ruangwa, alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale. Alitumwa ahakikishe katapila halisombi matanuri ambamo wahunzi wa zamani waliyeyusha chuma. Futi wakaitumia pamoja. Yeye ashike ncha hii, Harithi ile, na katikati yao majani makavu, upepo, na vicheko.

"Mita ngapi?" Munira akawa anauliza.

"Nyingi mno. Sogea karibu."

Wiki sita zikapita hivyo, kama usingizi wa mchana ambao mtu hataki kuamshwa. Matanuri kumi na moja yakaorodheshwa. Wanakijiji wakaitwa, wakasikilizwa, na mpango ukaandikwa: haya yazungushiwe uzio, yale yaachwe chini ya bustani. Likabaki la saba tu, lililokaa katikati ya barabara ya kuingilia chuoni. Mradi uliomba lichimbwe kitaalamu, vitu vyake vihamishwe. Bibi Mwanamvua, ambaye ukoo wake ndio wa wale wahunzi, akasema hilo si la kujibu yeye.

"Tutawauliza wenyewe, wazee waliotangulia," alisema.

Jioni akaweka juu ya tanuri kichuguu kidogo cha unga. Asubuhi ukikutwa mzima, wenyewe wamekubali kuhamishwa. Ukikutwa umetawanyika, waachwe walale. Munira akaupiga picha, kama alivyopiga picha kila kitu.

Asubuhi unga ulikuwa mzima. Watu wakashusha pumzi. Bibi Mwanamvua aliutazama kwa muda mrefu, kisha akasema tu, "Nimeona. Dole gumba kwenye hati nitaweka Ijumaa, mkutanoni." Munira akapiga picha tena.

Alikuwa chumbani alikopanga Nachingwea mjini, anapanga picha za ripoti huku anaimba, alipozilinganisha mbili zile. Unga wa jioni ulikuwa na wekundu wa mtama. Wa asubuhi ulikuwa mweupe pee, sembe ya dukani. Akaacha kuimba. Akachukua simu.

"Harithi, ulinunua sembe lini?"

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Nijibu."

"Nilifika na pikipiki kabla yenu. Kanga wa porini walikuwa wameuchakura wote. Nikawaza, ndege tu hawa! Wakikataa, michoro inarudi Dodoma, kazi inasimama, ofisi yako inakurudisha Dar. Nilitaka ubaki, Munira."

"Au wakubwa zako ndio waliokutuma?"

"Wallahi, hapana!"

"Umewajibia watu swali ambalo hukuulizwa. Na mimi jina langu liko juu ya ripoti hiyo!"

Akakata. Akalia hadi mtandio ukalowa. Simu ikaita mara tisa, na mara zote tisa hakupokea. Alimpenda, hilo halikuwa na ubishi, na ndilo lililomuuma zaidi.

Ijumaa akaenda mkutanoni akiwa amevaa kitenge cheusi, picha mkononi, tayari kusema kila kitu. Kabla hajainuka, mtu mwingine akainuka. Harithi. Mbele ya wanakijiji, mbele ya bosi wake, akaeleza yote: kanga, sembe, pikipiki.

"Hakunituma mtu," akamaliza. "Nisameheni."

Bibi Mwanamvua akaguna. "Mjukuu wangu, toka nizaliwe natwanga mtama. Sembe nisiijue? Niliijua palepale. Nilikuwa nakungoja wewe useme." Watu wakaangua kicheko. "Basi wenyewe walishajibu. Barabara ihame."

Bosi akasonya. "Na nani atachora upya?"

"Mimi," Harithi akasema.

"Chora. Ukimaliza, katafute kazi kwingine."

Siku ya kwanza ya kupima upya, Munira alishika ncha ya futi bila kusema neno. Siku ya pili akamtajia mita. Siku ya nne akamletea chai, akamwambia imepoa, ingawa ilikuwa ya moto. Barabara ikapinda taratibu kulikwepa tanuri la saba, na siku ya mwisho Harithi akatoa mfuko mdogo kwenye begi lake.

"Unga huu kanitwangia Bibi Mwanamvua," akasema kutoka ncha ya pili ya futi. "Nataka niupeleke Nkowe, kwa mama yako, nikaulize jambo langu. Kazi sina, ujue kabisa."

"Wa mtama?"

"Wa mtama."

"Na ukikuta umetawanyika?"

"Nitakuja nikwambie umetawanyika."

Munira akaanza kuikunja futi, hatua kwa hatua, mita kwa mita, hadi mikono yao ikagusana kama siku ile pale dukani.

"Njoo Jumapili," akamwambia. "Ila kuku wa mama hawafungiwi."