Amina ya Fridah

Ile namba iliingia grupuni Jumatatu saa saba mchana, bila hodi, bila salamu, bila jina wala picha. Na hakuna aliyeiingiza.

Grupu lilikuwa la akina mama wa mtaa wa Muyeye, kwa ajili ya misiba, harusi na wagonjwa. Admin wake alikuwa Kabibi, mjane, na sheria alizitunga mwenyewe: ukiingia, amkia, jitaje, usituletee picha za ajali watu wakiwa mezani. Wenzake walizikubali zote kwa stika za dole gumba, kisha wakazivunja kabla ya magharibi.

Namba ikaleta dua ndefu, yenye maua na njiwa. Akina mama, Waislamu kwa Wakristo, wakafanya kama wafanyavyo siku zote: Amina. Amina. Amina sana. Hata Kokila wa duka la vitambaa, ambaye husali kwa njia yake nyingine kabisa, alitia Amina asije akaambiwa anaringa.

Kabibi hakuitikia. Si kwamba alijua kitu. Shule yake ya msingi ilimfundisha kusoma kwa kidole, neno kwa neno, na alikuwa bado yuko kwenye njiwa ugali ulipoanza kuungua.

Kesho yake Priscilla, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaja uani akinong'ona.

"Dada Kabibi, mlango wangu nautia komeo, nikigeuka uko wazi. Mchana kweupe!"

"Komeo bovu hilo."

"Na harufu je? Nyumba inanuka udi, na mimi udi sijachoma tangu nizaliwe. Udi, na chini yake kama samaki wa juzi."

Kabibi akageuka kutazama kwake. Mlango wake mwenyewe ulikuwa umefunguka mara mbili asubuhi ile, naye alimlaumu Fridah, mke wa mwanawe Kombe, aliyekuwa akiishi naye hapo mumewe akiwa kazini mbali.

Jumatano yakawa maji. Madumu yaliyojazwa alfajiri yakakutwa matupu, vifuniko vimekazwa vilevile. Grupuni wakamrukia Charo muuza maji, wakamtukana mpaka babu yake, na Charo masikini hata hayumo grupuni. Kabibi alipotazama sakafu yake ya saruji aliona nyayo mbichi, ndefu, zikitoka kwenye madumu mpaka mlango wa chumba cha Fridah. Vidole vilielekea nyuma.

Ndipo alipoirudia ile dua. Chini ya njiwa paliandikwa "Soma zaidi". Akabonyeza, akasoma kwa kidole.

*Na kila aitikiaye, siku ya kwanza mlango wake ni wangu, ya pili maji yake ni yangu, ya tatu kilicho kidogo nyumbani mwake ni changu.*

Na ndani ya nyumba ile kilikuwamo kidogo kimoja tu. Mtoto wa Fridah, Jimmy, siku ishirini na mbili.

"Fridah. Uliitikia?"

"Kila mtu aliitikia, mama. Ukikaa kimya wanasema unajiona."

"Ulisoma?"

"Nani anasoma dua, mama? Unaitikia tu."

Alhamisi Kabibi hakupika. Alitaka kuifukuza namba, lakini kwenye orodha ya wanachama haikuwamo, ingawa juu ya kioo ilionekana wazi: *anaandika…* Saa saba ikakaribia, na kuku wa uani wakanyamaza wote kwa pamoja, na harufu ya udi ikaingia kupitia mlango uliokuwa na komeo na ndoo na kiti, na Jimmy aliyekuwa akilia akakatika katikati ya kilio kama redio iliyozimwa, na Fridah akamshika mkono mkwewe, kwa sababu chandarua cha mtoto kilikuwa kinashuka polepole, kinalemewa, kama vile mtu mzito asiyeonekana ameinama juu yake kuchungulia.

"Mama," Fridah akanong'ona, "kimbia umwite mganga."

"Aje na pikipiki gani ya kuwahi? Leta simu."

Akaandika, kwa hasira zaidi ya woga:

*Wewe. Hapa watu huamkiana. Hukuamkia, hukujitaja, na dua iliyofichwa mkia si dua, ni wizi. Akina mama, bonyezeni Soma zaidi, muone mlichokiitikia. Kila aliyesema Amina aandike jina lake na kuidai Amina yake. Sasa hivi. Stika sitaki!*

Wa kwanza Priscilla: *Mimi Priscilla, Amina yangu naitaka.* Kokila: *Mimi Kokila, hata sikuelewa, nirudishieni.* Wakafuatana, na kwa kila jina chandarua kiliinuka kidogo, lakini juu ya Jimmy hakikubanduka.

"Bado wewe," Kabibi akamwambia Fridah. "Andika!"

Fridah akaandika huku analia. *Mimi Fridah, mama Jimmy. Sikusoma. Amina yangu naitaka.*

Chandarua kikaruka juu, mlango ukajibamiza, na Jimmy akamalizia kilio chake pale pale alipokiachia.

Ijumaa saa saba simu ya Kabibi ikalia. Si grupuni. Kwake peke yake.

*Shikamoo, bibi. Sheria zako nimezisoma zote, mpaka mwisho.*

Harufu ya udi ikasimama mlangoni, ikingoja kwa adabu. Kabibi hajawahi maishani mwake kuiacha shikamoo bila marahaba. Neno likampanda kooni lenyewe, kidole kikaenda kwenye herufi M, kikafika.

Akaumeza ulimi, akaipindua simu kwenye kigoda, akaikalia. Ikatetemeka chini yake mpaka alasiri. Hakuinuka.

Namba haijachoka, hurudi kila siku. Watoto wa Muyeye sasa wanasema Bi Kabibi amekuwa na kiburi, ukimwamkia saa saba mchana anakutazama tu, haitiki.

Waache waseme.