Majina Yaliyobaki Bunda

Aliyeisimulia habari hii kwa mara ya kwanza ni Thadeo, mume wa Eufrasia, Jumatatu ya Pasaka mwaka 1994, huko Nyegina kwa wakwe zake. Aliisimulia mara moja tu. Alipoombwa kurudia alisema ameshasema.

Ilianza mchana wa Oktoba, mwaka uliotangulia, nyumbani kwake Kigera, Musoma mjini. Mama mkwe wake, Dafroza, alikuwa amefika na kapu la samaki wakavu. Alipokuwa anawapanga uani, alimwita binti yake mkubwa kwa jina la nyumbani, kwa mazoea tu.

"Nyasatu! Niletee ungo."

"Abee, mama," sauti ikaitika kutoka stoo.

Dafroza akaendelea na samaki wake. Thadeo, aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli, ndiye aliyeinua kichwa. Mkewe alikuwa Bunda, siku ya tisa sasa. Akaenda stoo na kufungua mlango. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na magunia mawili ya mtama, na harufu ambayo haikuwa ya mtama, bali ya pamba iliyolowa ikakaa siku nyingi bila kuona jua.

Katika ukoo ule kila mtoto hupewa jina la ndugu aliyefariki, nalo ndilo analoitwa nyumbani hata kama ana jina la ubatizo. Eufrasia alikuwa Nyasatu, jina la marehemu shangazi wa Dafroza. Mdogo wake, Hyasinta, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa kwa dada yake pale Kigera, alikuwa Nyangeta, jina la bibi yao mzaa mama.

Eufrasia alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ushirika kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka 1992 wafanyakazi walipunguzwa, naye akiwemo. Kwa miezi mingi aliamka saa ile ile, akavaa sketi ya kazini, akakaa sebuleni. Kisha mtu akamwambia habari za Darasa la Mtu Mpya, lililoendeshwa kwenye ghala tupu la pamba huko Bunda na mtu aitwaye Nathanieli, ambaye wanafunzi wake walimwita Mkufunzi. Eufrasia alikwenda wiki moja, akarudi anaimba. Thadeo alifurahi. Safari ya pili alimbebea begi mwenyewe mpaka stendi.

Mkufunzi alifundisha hivi: "Jina ulilonalo ni la mtu aliyekufa maskini. Unambeba mgongoni, halafu unashangaa kwa nini huendi mbele. Mtue." Mwanafunzi alisimama mbele ya kiti kilichofunikwa shuka nyeupe, kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, akalitoa jina lake kwa sauti na kupewa jipya. Eufrasia akawa Ushindi. Baada ya hapo ilikuwa marufuku kuitika jina la zamani, na marufuku kula sahani moja na anayelitumia. Aliyesita alisimamishwa akitazama ukuta, na wenzake wakamsomea makosa aliyoyaandika mwenyewe katika daftari lake. Alisimama hivyo mpaka Mkufunzi aseme kaa.

Sauti ya stoo iliendelea kuitika kila Nyasatu alipotajwa, hata alipotajwa kwa bahati mbaya. Wakaacha kulitaja. Ndipo likaja jingine.

Ilikuwa saa nane mchana. Hyasinta alikuwa anamenya mihogo jikoni, na Thadeo amesimama mlangoni.

"Nyangeta, shemeji, kuna maji?"

"Abee, shemeji. Yapo."

Ilikuwa sauti ya Hyasinta, lakini ilitoka stoo. Hyasinta mwenyewe alikuwa amefungua mdomo mbele ya Thadeo, koo likimchezacheza, na hapakutoka kitu. Toka siku hiyo hakusema tena. Alionyesha kwa vidole, akaandika kwenye karatasi, akalia bila mlio. Wakadhani ameambukizwa na kile kilichomkuta dada yake.

Siku ya nne Eufrasia alirudi, mwembamba, macho mekundu ya mtu asiyelala, gauni jeupe.

"Karibu, Nyasatu," Dafroza alisema kabla hajajizuia.

Eufrasia hakujibu. Stoo ikajibu. Akatabasamu. "Mnasikia? Nilimtua. Yuko huko, hayuko kwangu tena."

"Mke wangu, kitu kinaitika ndani ya nyumba yangu na wewe unacheka?"

"Niite Ushindi."

"Ushindi gani, na umebaki mifupa?"

"Sijaja kugombana, Thadeo. Mkufunzi ameniagiza nimchukue Hyasinta. Ugonjwa wake unaponaga kule kule."

Thadeo akamtazama. "Nani alikwambia anaumwa?"

Eufrasia akaanza kukunja nguo za mdogo wake. Dafroza ndiye aliyekata neno. "Atakwenda. Ila kwanza tunapita Buswahili, kwa Tereza."

"Tupite," Eufrasia alisema. "Mkaone wenyewe kwamba hawezi."

Tereza wa Buswahili alikuwa mwanamke wa makamo, mwimbaji wa kwaya ya kigango, na kazi yake ilikuwa moja. Kwake walipelekwa watoto wachanga wanaolia bila kunyamaza. Alimtajia mtoto majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na kwenye jina ambalo mtoto alinyamaza, hilo akapewa. Alipomwona Hyasinta akitelemka garini alishika kiuno.

"Huyu ni mkubwa mno, jamani. Wangu wanakuja mgongoni."

Akawaingiza jikoni, akawapa maziwa kidogo kila mmoja wasukutue na kutema nje, akafunga mlango. Jua la saa saba lilipenya kwenye matundu ya bati, likatua sakafuni vidoa vidoa.

"Nyasatu," Tereza akaita, kwa upole, kama anavyoita watoto.

"Abee."

Ilitoka nyuma ya mafiga. Harufu ya pamba iliyolowa ikajaa chumba. Tereza akajifuta mikono kwenye kanga. "Kimewafuata. Haya. Wewe, nani mwingine yuko na wewe?"

Basi ndipo yakaanza kuitika majina ambayo hakuna aliyeyaita, sauti ya mzee ikaitika, ya msichana ikaitika, ya mwanamume mwenye kikohozi, ya mwanamke anayenyonyesha kwa maana nyuma yake mtoto alisikika, na Eufrasia akawa anawataja wenzake wa Darasa kwa kunong'ona, huyo Jilala, huyo Chacha wa mashine ya kusaga, huyo Jeska, huyo simjui, na sauti zikazidi kuja kutoka kwenye jivu, kwenye chungu, kwenye paa, zote zikiitika kwa adabu kama watoto wa shule wanapoitwa, mpaka Dafroza akaziba masikio na Thadeo akahisi kwamba jina lake nalo likitajwa ataitikiwa kabla hajafungua mdomo.

Tereza akainua mkono. Kukawa kimya.

"Nyangeta."

"Abee, mama," ikasema sauti ya Hyasinta.

"Huyu binti aliwahi kufika Bunda?"

Hyasinta akatikisa kichwa.

"Jina halitembei lenyewe," Tereza alisema. "Lilitolewa. Nani alilitoa?"

Wote wakamtazama Eufrasia, hata Hyasinta, ambaye alimtazama mwisho.

"Sijui," Eufrasia alisema. "Labda alilitoa mwenyewe usingizini. Mkufunzi anasemaga inatokea."

Hapo kitu kile kikacheka kidogo, kisha kikazungumza kwa sauti ya Eufrasia mwenyewe, sauti iliyochoka, yenye kwikwi, ya mtu aliyesimama muda mrefu: "Mchukueni Nyangeta. Yule ni mdogo, hajui kitu, hatasikia. Mimi niacheni nikae. Naomba nikae."

Dafroza akakaa chini sakafuni. Hyasinta hakulia. Alimshika dada yake mkono, akaugeuza, akaandika kwa kidole kwenye kiganja, polepole, neno moja. Thadeo alilisoma toka aliposimama. Lilikuwa: *Dada?*

"Linarudi," Tereza alisema. "Aliyelitoa aseme mbele ya mwenyewe: nimelitoa mimi, nalirudisha. Basi."

"Na mimi?" Eufrasia akauliza.

"Wewe utakuwa pale ulipokuwa kabla hujalitoa."

Eufrasia akatoa mkono wake mkononi mwa mdogo wake. "Niko ngazi ya nne kule Darasani," alisema. "Nikirudisha, nitaanza tena ukutani. Hamjui nilivyosimama. Hakuna hata mmoja wenu anajua." Akachukua begi lake na kufungua mlango. Thadeo alimfuata mpaka barabarani akimsihi, akimwita mama watoto ingawa hawakuwa na mtoto. Gari la Bunda lilipokuja, alipanda.

Jikoni Tereza alikuwa amemkalisha Hyasinta mapajani pa mama yake, mtu mzima wa miaka kumi na tisa. "Lile tumeliacha," alisema. "Nitajie wengine." Dafroza akataja wafu wote wa nyumba yao, na Tereza akayarudia majina kwa binti, na binti akabaki kimya. Alipoishiwa, Dafroza alikumbuka mmoja, mwanamke aliyekufa bila mtoto, aliyezikwa na majirani kwa sababu ndugu zake walichelewa. Hakuna aliyewahi kumrithi jina. Aliitwa Nyanjiga.

"Nyanjiga," Tereza akaita.

"Abee," Hyasinta akasema. Sauti ilikuwa nzito kuliko ile ya zamani, na imebaki hivyo.

Nathanieli aliondoka Bunda Juni 1994. Haijulikani kama yu hai. Tereza alifariki mwaka 1999. Thadeo alifariki mwaka 2011, hakuoa tena. Jina la Nyangeta halijapewa mtoto yeyote. Dafroza alifariki mwaka 2004, akazikwa Nyegina. Eufrasia alikuja mazishini, naye na mdogo wake walikaa mkeka mmoja wakipokea pole. Eufrasia alipotaka kunyanyuka, Hyasinta alisogeza miguu na kusema, "Pita, mama," kama unavyomwambia mwanamke usiyemfahamu. Wote wawili wako hai.