Kicheko cha Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, giza likianza kuingia, Merle alibeba utepe wake mpaka klabu ya askari wastaafu pale Wollongong, ausikilize pamoja na Bwana Loxley kabla haujapelekwa Sydney kufanywa santuri. Alikuwa ameurekodi papo hapo klabuni Jumamosi, Loxley akiimba na kuchekesha watu. Kuchekesha! Mwingereza kajipaka poda, kavaa suti ya mahameli, anaongea kama aliyeonja maziwa yaliyochacha.

"Bibie, leo umechania nywele uma?" akamsalimu.

Merle akaendelea kufunga utepe kwenye mashine, katika chumba cha nyuma. Ukimjibu mpuuzi unampa kiti.

Kwenye klabu ile, kila jioni saa kumi na mbili, taa hupunguzwa, watu wakasimama kimya kuwakumbuka waliokufa vitani. Hata mlevi husimama. Jumamosi, katikati ya ukimya ule, Loxley aliisogelea maikrofoni: "Hatimaye Waaustralia wamenyamaza! Kwani nani kafa?"

Hakucheka mtu. Mzee mmoja alitema mate zuliani, basi.

Sasa utepe ukazunguka. "Kwani nani kafa?"

Kicheko.

Cha wanaume wengi... kizito, kama cha watu wenye maji kooni. Chumba kikanuka tope na majani yaliyooza.

"Hakucheka mtu," Merle alinong'ona. Akachukua wembe wa kukatia utepe. "Nakikata."

"Labda ukate ulimi wako! Miaka mitatu sijachekewa hivi. Bila hicho hiyo si santuri, ni matanga yangu. Urudishe nyuma."

Akarudisha. Kicheko kikaja karibu zaidi, na ndani yake Merle akamtambua kaka yake, Keith, aliyebaki kwenye misitu ya New Guinea wakati wa vita, hata mfupa haukurudi. Keith hakuwa mtu wa kuchekea utani. Alicheka vile akimkuta sungura kanaswa mguu mtegoni, bado yu hai.

Merle akang'oa waya ukutani. Utepe ukasimama.

"Tena," ikasema spika.

Poda ya Loxley ikaanza kuchuruzika. Akajilazimisha kutabasamu, mlafi wa sifa. "Kwani... nani kafa?"

Wakacheka.

"Tena."

Akauziba mdomo kwa mikono miwili. Mdomo ukasema kati ya vidole: "Nani kafa?"

"Tena."

"Keith," Merle akanong'ona, "inatosha."

Sauti ya Keith ikatoka spikani:

"Merle. Nenda nyumbani."

Akavaa kofia yake, akatoka, akafunga mlango. Doreen, muuza bia wa klabu, alikuwa kashika glasi mkononi, kasahau kuifuta.

"Yule kichaa anamchekesha nani huko ndani?"

"Waliomcheka Jumamosi."

"Jumamosi hakucheka mtu, shoga."

Nyuma ya mlango sauti ya Mwingereza ilianza kukwaruza.

"Mungu wangu... mpaka lini?" Doreen akauliza.

"Mpaka wachoke," Merle alisema. "Na Keith, tangu utotoni, hakuwa mwepesi wa kuchoka."