Gauni la Kipimo cha Mama

Fundi cherehani alikuwa ameshavuka lango, utepe wa kupimia shingoni, akielekea dukani. Bintiye alimkimbilia pekupeku.

"Baba, duka tulilifunga mwaka juzi. Unashonea nyumbani."

"Najua! Nanyoosha miguu tu."

Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Na kaka yake, kila akipiga simu, aliulizia nyumba kabla ya kumuulizia baba.

Jirani yao, karani mstaafu wa mahakama, aliona yote. Akaja kubisha hodi.

"Fundi, andikisha hati ya uwakala mapema. Mteue unayemwamini. Siku ukishindwa kuamua, akuamulie matibabu na mali."

"Kichwa changu ndicho daftari. Miaka arobaini sijaandika kipimo cha mtu!"

"Ukichelewa hutaweza kuisaini. Watoto wataenda mahakamani, hakimu ateue msimamizi. Huenda asiwe uliyemtaka."

"Ngoja nife kwanza!"

"Ukifa ni wosia, fundi. Hii ni ya wakati ungali hai."

Fundi akageukia cherehani yake.

Ijumaa alikuja mteja, mama mnene mcheshi, kuchukua gauni lake. Likamkwama mabegani.

"Fundi, umenishonea mimi au mwanasesere?"

Binti hakucheka. Alikitambua kiuno kile chembamba, na mkono wa kushoto uliopunguzwa kidogo. Mama yake alivunjika mkono huo utotoni. Alifariki miaka sita iliyopita.

"Nilimpima juzi," fundi alinong'ona. Kisha macho yakamjaa maji. "Hapana. Sikumpima juzi. Mwanangu, mwite karani. Sasa hivi, ningali najua ninachosema."

Wakili aliyeletwa na karani alimtoa binti nje kwanza. Akamuuliza fundi peke yake: unasaini nini? Unamteua nani? Kuna aliyekulazimisha? Akajibu yote, akamteua bintiye. Iliandikwa wazi kwamba hati itaendelea hata akili ikipotea, kwani mahali pengi hati ya kawaida hukoma hapo. Fundi aliongeza sharti: nyumba isiuzwe angali hai. Mashahidi wawili wakasaini.

Mwaka uliofuata alimwita bintiye "mteja." Kaka alileta mnunuzi wa nyumba; binti akamwonyesha kaka yake hati, naye akaondoka, hakurudi hadi siku ya mazishi. Binti alisaini fomu za hospitali. Fundi alifia kitandani mwake. Karani aliandikisha hati yake mwenyewe. Yule mama mcheshi alishonewa gauni kwingine. Lile la kwanza limetundikwa nyuma ya mlango. Binti alilijaribu mara moja, halikumtosha.